Jina la Mtoto wa Pili

Kama kuna mtu aliyechoshwa na wafu Doha nzima, basi ni Wanjohi wa Ol Kalou. Na afadhali wangekuwa wafu wake. Walikuwa wafu wa Mzungu.

Alikuja Qatar kutunza mgonjwa. Mkataba ulisema hivyo: amwogeshe mzee, amvishe, ampe dawa kwa saa zake, na jua likishapoa amsukume kwenye kiti cha magurudumu pale The Pearl, akapunge upepo kando ya zile boti za matajiri. Hakuna mahali mkataba ulipotaja Pennsylvania. Lakini Mzee Bradley McKinstry, Mmarekani wa miaka themanini na mitatu aliyeletwa Doha na bintiye Tiffany ili asikae peke yake, alikuwa amebakiwa na kazi moja tu duniani, nayo ilikuwa kutafuta babu zake. Macho yake yalipokataa kusoma herufi ndogo, macho ya Wanjohi yakaajiriwa bila mtu kuuliza.

Miezi tisa sasa! Wosia, hati za mashamba, vitabu vya kanisa vilivyoandikwa na makarani wenye mwandiko wa kuku, Mungu awasamehe. Wanjohi alijua jinsi Waskoti walivyovuka kwenda Ulster, kaskazini mwa Ireland, wakalima mashamba ya mabwana kwa vizazi kadhaa, kodi ikawalemea, wakapanda meli kwenda Amerika na kujazana Pennsylvania. Aliyajua hayo kuliko historia ya Ol Kalou, na jambo hilo lilimuudhi. Siku moja alijikuta kwenye foleni ya supamaketi, kuku mkononi, akiwaza kama mtu mmoja aliyeitwa Andrew alishuka meli kabla ya mwaka 1741 au baadaye. Akajitukana kimoyomoyo.

Ijumaa hii ilikuwa mbaya zaidi. Ijumaa ndiyo siku ya ibada kwa Wakristo wa Doha, na Wanjohi alikuwa ameshapiga pasi shati. Mzee akasema, "Kijana, tumalizie tu ule wosia." Wosia wenyewe walikuwa wameusoma mara arobaini.

Na simu ya mkewe Phyllis ilikuwa ikilia tangu asubuhi.

"Mtoto ana wiki sita," Phyllis alisema alipopokelewa, bila salamu. "Wiki sita anaitwa Kadogo. Jumapili anabatizwa, na karani wa kanisa anataka jina leo kabla ya saa kumi. Anaitwa nani, baba watoto?"

"Si nilishakwambia? Bradley."

"Na lile lingine?"

"Hakuna lingine. Bradley Wanjohi. Basi."

"Niko kwetu," Phyllis akasema. "Baba amembeba mtoto hapa nje. Ameketi naye tangu asubuhi, hajaniuliza kitu. Wanjohi, nitamwambia nini?" Simu ikakatwa, na haikukatwa na mtandao.

Jamani, tuelewane. Kwa Wakikuyu jina la mtoto haliokotwi sokoni. Mvulana wa kwanza hupewa jina la baba yake baba, na wa pili jina la baba yake mama. Mtoto akishapewa jina lako, ndiye wewe; umezaliwa tena. Kwa hiyo huyu wa pili alikuwa Ndirangu tangu tumboni, jina la baba yake Phyllis, na kila mtu kijijini alijua hivyo. Kumruka mzee wa watu ni sawa na kumwambia afe akapotee.

Wanjohi alijua hayo yote. Lakini alijua pia maneno aliyoambiwa na Mzee Ndirangu siku ya maombi ya kumuaga, mbele ya wazee wa kanisa na chai ikiwa mikononi: "Nilidhani nimempa binti yangu mwanamume. Kumbe nimempa yaya. Mwanamume gani hupanda ndege kwenda kuogesha wazee?" Watu wakacheka. Wanjohi naye akacheka, ili asilie. Siku hiyo aliapa jina la mzee yule halitaingia nyumbani kwake.

"Kijana!" Mzee Bradley aliita kutoka mezani. "Uko wapi? Soma watoto."

Wanjohi akarudi, akaketi kwa kishindo, akasoma ule wosia kwa mara ya arobaini na moja. Andrew McKinstry na mkewe Jane. Mwana wa kwanza, James. Wa pili, Galbraith. Wa tatu, Andrew.

"James ni jina la baba yake Andrew," Mzee akasema, kama kawaida yake.

"Ndiyo, Mzee."

"Na wa pili hupewa jina la upande wa mama."

"Ndiyo, Mzee. Hata kwetu."

Hilo ndilo lililowaunganisha tangu mwanzo. Siku Mzee alipogundua kwamba Wakikuyu na wale Waskoti wa Ulster huwapa wavulana wao majina kwa mpangilio mmoja, alipiga kiti cha magurudumu kwa furaha hadi breki ikafunguka. Kwa wasichana ndipo walipogombana siku tatu: Wanjohi alishikilia kwamba wa kwanza ni wa mama yake baba, Mzee akasema la, kwao ni wa mama yake mama, na chai ikapoa mara nyingi katika ubishi huo.

"Basi Jane alikuwa binti wa kina Galbraith," Mzee aliendelea, sauti ikiishiwa nguvu. "Miaka saba natafuta Jane Galbraith. Ulster yote, Pennsylvania yote. Hayupo! Sina miaka saba mingine, kijana. Nataka kujua baba yake ni nani kabla sijaondoka."

Wanjohi aliliangalia lile jina. Alikuwa amekasirika, ibada imempita, mkewe amemkatia simu, na ghafla likamjia jambo ambalo hakulipenda hata kidogo.

"Mzee," akasema, "huyu Andrew hakuwa na mkwe anayeitwa Galbraith. Huyu alikosana na mkwewe."

"Umelisoma wapi hilo?"

"Sijalisoma popote. Hili Galbraith ni jina la mtu aliyempa kazi."

Mzee akanyoosha kidole kwenye kabati. "Lete faili la jamaa."

Ndani ya faili la jamaa, nyuma kabisa, kulikuwa na nakala ya karatasi ambayo Mzee alikuwa ameiweka pale miaka mingi, akiamini ni baba mkwe aliyempokea mume wa bintiye. Wanjohi aliisoma polepole, neno kwa neno. Samuel Galbraith, mwenye kinu cha kusaga, alimlipia Andrew McKinstry nauli ya meli, naye Andrew akaahidi kumtumikia miaka minne. Ilitiwa saini akiwa bado hajaoa.

"Mwajiri," Mzee akanong'ona. Kisha akapiga meza kwa kiganja. "Mwajiri! Miaka saba nabisha hodi nyumba ya jirani! Na baba yake Jane yuko wapi? Eh? Yuko wapi?"

"Hajaandikwa, Mzee. Pengine jina lake lingebaki kupitia huyu mtoto wa pili tu."

"Mtu mmoja na hasira zake," Mzee akasema, machozi yakimlengalenga, "akamzika mwenzake akiwa hai." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Na wewe ulijuaje?"

Wanjohi alitamani sakafu ipasuke. "Kwa sababu nami nimefanya vivyo hivyo. Mtoto wangu wa pili nimemwita Bradley."

Alidhani Mzee atafurahi. Wazungu hupenda kuheshimiwa. Mzee aligeuka mwekundu hadi masikioni.

"Bradley? Mimi? Wewe una wazimu! Kitukuu wako atakuja kunitafuta mimi! Atafunga safari hadi Pennsylvania, amsumbue kila McKinstry, akilia kwenye kaburi la mtu aliyekuwa anaogeshwa tu! Piga simu. Piga sasa hivi, au leo sili!"

Ilikuwa saa tisa na nusu. Wanjohi akatoka kwenye roshani, joto likamvamia, akapiga. Haikupokelewa na Phyllis.

"Nani?" ilikuwa sauti ya Mzee Ndirangu. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia.

Maneno yote ambayo Wanjohi aliyatunza miezi tisa yalikuwa pale pale mdomoni, tayari. "Ni Wanjohi, Baba. Huyo anayelia ni nani?"

"Ni mtoto wako asiye na jina."

"Ana jina. Huyo ni wewe. Mwambie Phyllis amwandikie karani, Ndirangu. Na lile Bradley aliache."

Wanjohi akangoja asante, au msamaha, au hata kikohozi. Hakusikia kitu ila mtoto, naye akawa ananyamazishwa taratibu, kwa sauti ya mzee isiyozoea kubembeleza. Haiya! Huyu mzee ana kiburi kiasi gani?

"Huyo mgonjwa wako," Ndirangu akasema hatimaye. "Maji ya kumwogesha, unampashia moto?"

"Baba, hii ni Doha. Maji yanatoka kwenye bomba yakiwa moto."

"Hata hivyo jaribu kwanza kwa mkono," mzee akasema. "Ngozi ya mtu mzima ni nyepesi. Mwogeshe vizuri."