Chakula cha Lupango

Harufu ya mapanki yakikaangwa hunirudisha Pasiansi, mtaa wetu wa kando ya ziwa, hadi leo. Ni mabaki ya sangara kutoka viwandani: minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiwa na kichwa na mgongo, na tukashiba.

Asubuhi moja ya likizo, habari ilifika kwamba mjomba Masalu, aliyekuwa akipanga mitumba kando ya barabara mjini, alikamatwa jana yake kwa kuuza bila leseni.

"Yuko lupango," alisema jirani yetu Babu Kulwa, fundi baiskeli.

Nilikuwa na miaka tisa na neno hilo sikulijua. Babu Kulwa, aliyewahi kufanya kazi migodini Zambia, alinieleza huku akiziba pancha. Huko alikokuwa, lupango ni ua wa miti, boma la kuzungushia nyumba. Watu wa mjini ndio waliokiita hivyo chumba cha mahabusu, sijui lilifikaje kwao. Mimi nilibaki na ule ua. Akilini nilimwona mjomba amekaa katikati ya mbuzi, amevaa shati lake la kola ndefu.

Bibi alisonga ugali, akaweka panki juu, akafunga bakuli kwa kitambaa. "Nenda wewe, Kabula. Mimi miguu inaniuma."

Jamani, nilikuwa mtoto wa haya! Mgeni akija, nilikula jikoni nyuma ya mlango.

Kituoni hapakuwa na mbuzi. Kulikuwa na kaunta iliyonizidi kimo na askari mwenye masharubu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, onja."

Nilimkodolea macho. Akaeleza kwamba mleta chakula hula kwanza, yeye akiona, ndipo mahabusu apewe. "Usipoonja, kinarudi nyumbani."

Watu wote kwenye benchi walinigeukia. Mkono ukagoma. Askari akaanza kufunga kile kitambaa.

Ndipo ikaja sauti ya mjomba kutoka nyuma ya nondo: "Afande, huyo haongei hata na kuku! Kabula, kula mama, nina njaa tangu jana!"

Benchi zima likacheka. Nikafumba macho, nikamega tonge, nikameza. Nikamega la pili. Nikanyofoa na panki. Nilipofumbua macho, askari alikuwa ameshika kiuno.

"Basi, basi! Mwachie mwenyewe!"

Mjomba aliachiwa kesho yake, akaja akilalamika kwamba nilimbakizia kichwa tu.

Siku ile niliporudi kutoka kituoni, Bibi hakuniuliza lolote ila, "Amekula?" Nilipomjibu ndiyo, alibeba ndoo akashuka ziwani kuchota maji, akapanda kilima, akashuka tena. Mara tatu. Sikushangaa.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba miguu yake haikuwa na neno. Alichoshindwa ni kusimama mbele ya zile nondo na kumtazama kitindamimba wake. Kwa hiyo akamtuma mwoga mwenzake.