Kamba Niliyorudi Nayo Kutoka Momela

Walisema sitavuka kiangazi kimoja. Baba mdogo ndiye aliyeanza, siku ile ile nilipomwingiza farasi getini kwangu, kijijini Akheri. Alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba lake na langu, mikono nyuma.

"Ng'ombe anakula, anakulipa maziwa," alisema. "Mbuzi anakula, anakulipa supu. Huyo atakulipa nini? Picha?"

Watu waliokuwa wakipita walicheka. Mmoja akasema Mwarabu ameleta gari lisilotumia mafuta. Mwarabu walikuwa wananiita mimi, kwa sababu nilitoka Uarabuni.

"Baba mdogo," nikamjibu, "mimi nimelisha farasi arobaini kwa siku moja. Huyu mmoja atanishinda?"

"Wale arobaini walikuwa wa nani?"

"Wa tajiri wangu."

"Na majani yalikuwa ya nani?"

Nikamvuta farasi ndani, nikafunga geti.

Mimi ni mtoto wa mjane aliyeuza ndizi Tengeru, na sioni sababu ya mtu kuficha alichokipata kwa jasho lake. Nilisoma mpaka nikapata stashahada ya afya ya mifugo, wa kwanza katika nyumba yetu, na cheti chake nimekitundika sebuleni nyuma ya kioo. Nikaenda Uarabuni, nikakaa miaka tisa kwenye mabanda ya farasi. Nilianza kwa kuzoa kinyesi, nikaondoka nikiwa msimamizi mwenye funguo za chumba cha dawa. Nyumba yangu ya vyumba vinne, yenye bati la msauzi, lile la rangi na la bei, niliijenga kwa simu, nikihesabu matofali kwenye picha alizonitumia fundi. Hakuna aliyenichangia hata msumari. Mama alilala katika nyumba hiyo miezi minne, kisha akafariki. Mazishi yake niliyatazama kwenye simu nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nje ya banda la farasi ambaye alikuwa na daktari wake mwenyewe. Niliporudi, vyumba vyote vinne vilikuwa vinanisubiri mimi peke yangu.

Nilifungua duka la dawa na vyakula vya mifugo Sakina, Arusha mjini, kando ya barabara ya Nairobi. Huko ndiko nilikopata habari za farasi. Mlinzi wa shamba moja upande wa Usa River alikuja kutafuta dawa ya vidonda.

"Vya punda?" nikamuuliza.

"Vya farasi," akasema, akishusha sauti kama anayetaja kosa.

Wenye shamba walikuwa wanapandisha watalii farasi. Biashara ikafa, wakauza farasi wao wote na kuondoka. Akabaki jike mzee mmoja mwenye mguu wa kuchechemea, ambaye hakupata mnunuzi. Nilipofika nilimkuta amefungwa kwenye nguzo, kamba ya katani imeingia shingoni mpaka nyama inaonekana. Mlinzi alikuwa akimgawia pumba za kuku wake mwenyewe. Tuliwapigia simu wenyewe, wakasema anayemtaka amchukue. Nikaikata ile kamba ya katani kwa kisu. Nikamvisha kamba yangu, ya pamba, laini, ambayo nilitoka nayo Uarabuni ndani ya begi bila kujua naibebea nini.

Sikumpa jina. Nilimwita kwa neno la mabandani, *taal*, yaani njoo kwa Kiarabu. Baada ya wiki mbili akawa anakuja. Kimeru changu kilikuwa kimepata kutu, na watu wakinisalimia kwa Kimeru nilichelewa kujibu, wakahamia Kiswahili kama wanavyofanya kwa mgeni. Katika Akheri nzima ni farasi yule tu niliyeweza kumwambia neno la miaka yangu tisa akalielewa. Nikifunga duka nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani, jambo ambalo halikuwahi kunitokea tangu nirudi nchini.

Mwaka uliofuata likafunguliwa duka kubwa mkabala na langu. Walikuwa wanauza kwa bei ambayo mimi nilikuwa nanunulia. Kwanza nikaacha kumnunulia farasi marobota ya majani makavu. Baadaye nikaacha nyama, kisha sukari. Kisha mwenye nyumba akapandisha kodi ya duka, na kiangazi kikaingia.

Kwetu hakuna malisho ya wazi. Mashamba ni kahawa na migomba, na ng'ombe anaishi bandani. Majani anafuatiwa, tena yanaletwa kichwani mwa mwanamke. Mimi nusu eka yangu ya majani nilikuwa nimeimaliza mapema, kwa sababu farasi hula mchana kutwa kama mtu aliye kilioni. Wa kwanza kunikopesha alikuwa mama jirani, mjane wa umri wa mama yangu, anayeongoza kwaya ya akina mama kanisani.

"Chukua mzigo mmoja, mwanangu," alisema. "Mvua zikinyesha utanirudishia."

Ndivyo majani yanavyokopwa huku kwetu, mzigo kwa mzigo. Hakuna anayeandika na hakuna anayesahau. Kutoka kwake nikaenda nyumba ya pili, mpaka zikafika saba, na ya mwisho ilikuwa ya baba mdogo. Aliniacha nisimame muda mrefu kabla ya kuonyesha kwa kidevu mahali mzigo ulipo.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba walionikopesha walianza kuja kwangu. "Hodi! Nimekuja kuona majani yangu yanavyoliwa," mmoja alisema, akasimama dakika ishirini akimtazama farasi akitafuna. Mama jirani alikuja karibu kila siku akitoka mazoezi ya kwaya. Nilinunua vikombe vingine vya chai.

Kisha kiangazi kikawabana na wao, wakaanza kuwakatia ng'ombe migomba, kama tunavyofanya siku zote majani yakiisha. Asubuhi moja farasi alikuwa hajala tangu jana yake. Nikakata mgomba, nikaukatakata vipande vidogo, nikachanganya na pumba. Najua kabisa kwamba tumbo la farasi si tumbo la ng'ombe. Nililifanyia mtihani na nikafaulu. Lakini mkono wangu ni wa Akheri, na mnyama akilia njaa kiangazi mkono wa Akheri unashika panga na kwenda kwenye mgomba.

Saa sita mchana alilala, akawa anageuka kuangalia tumbo lake. Nilimchoma dawa ya mwisho niliyokuwa nayo, nikamwinua, nikaanza kumtembeza kati ya mistari ya kahawa ili asijibingirishe akajisokota utumbo. Mama jirani alikuja na kanga yake begani, akamshika upande wa pili. Tulizunguka naye mpaka jua likaegemea.

"Hivi huko Uarabuni hawana migomba?" aliniuliza.

"Hawana, mama."

"Ndiyo maana farasi wao wako hai."

Farasi alipotoa choo hatimaye, watu waliokuwa wamekaa kwenye ukuta wangu walipiga makofi kama wako harusini. Mimi nilikaa chini. Mama jirani alisubiri waondoke.

"Mwanangu, unampenda huyu mnyama," akasema. "Lakini humlishi. Mtafutie mahali kabla hujamuua."

Karibu na duka langu kulikuwa na fundi magari, mzee wa Kondoa, Mwislamu wa swala tano na ulimi mkali. Kesho yake nilimweleza.

"Shida yako imekwisha," akasema akiwa chini ya gari, miguu tu ikionekana. "Kuna mtu wa matofali anatafuta mnyama wa kuvuta mkokoteni. Pesa mkononi leo hii."

"Ana mguu mbovu, mzee wangu."

"Mguu mbovu ni wake, kodi ya duka ni yako. Nani kati yenu ana hali mbaya?"

"Simtoi kwa mkokoteni. Shingo yake haijapona vizuri mpaka leo."

Alitoka chini ya gari akaniangalia. "Una njaa na bado unachagua mnunuzi. Wewe kweli umekaa na matajiri." Lakini alifuta mikono, akatafuta kwenye simu yake namba ya mama mmoja wa njia ya Momela ambaye huwa anamtengenezea gari. Mama huyo ana farasi wazee wawili na eneo la nyasi kabla ya geti la hifadhi ya wanyama.

Sikuwa na hela ya kukodi Canter ya kumbeba. Tuliondoka asubuhi kwa miguu, mimi na farasi, tukashuka mpaka barabara ya lami, tukapita Usa River, tukashika njia ya kupanda. Bodaboda walipunguza mwendo ili watupige picha. "Bro, bwana harusi yuko wapi?" mmoja alipiga kelele. Niliendelea kutembea kichwa juu kama mtu anayelipwa kwa kazi ile. Farasi alichechemea, nami nikafuata mwendo wake. Mlima Meru ulikuwa wazi siku hiyo, hauna wingu hata moja, na mimi nilitamani mvua.

Mama wa Momela alitupokea akiwa amevaa buti za mpira. Ni Mmeru mwenzetu, mtu wa maneno machache. Baada ya shikamoo nikamwambia nilichokipanga njia nzima.

"Mama, nimekuja kumweka kwako."

Kuweka mnyama ni desturi yetu ya siku nyingi. Mwenye ng'ombe akizidiwa humpeleka kwa mtu mwingine amlishe, na mfugaji hupata maziwa na mbolea. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Anayeweka huacha kamba yake shingoni mwa mnyama. Anayetoa moja kwa moja huivua na kurudi nayo nyumbani, ili asije akatoa na baraka ya banda lake. Mimi nilitaka kuacha kamba. Nilitaka nikiulizwa Akheri niseme farasi wangu yuko Momela, nimemweka.

"Maziwa atanipa?" mama akauliza.

"Hapana."

"Ndama?"

"Amezeeka, mama. Mbolea atakupa."

Alicheka kidogo. "Unamweka ili nani asiseme nini?"

Nilitaka kusema hakuna. "Baba mdogo," nikasema.

"Sikiliza, baba. Ng'ombe anavumilia kuhamishwa. Farasi akishazoea wenzake ukaja kumtoa, anakataa chakula. Leo huna, unamleta. Kesho ukipata unamfuata. Keshokutwa umeishiwa tena. Sipokei wa kuweka. Nipe, au rudi naye."

Wakati huo farasi wake wawili walikuwa wamesogea kwenye uzio. Farasi wangu akainua kichwa, akalia. Nilikuwa nimekaa naye mwaka na nusu nikidhani ni mpole wa asili, asiye na kelele. Sauti ile sikuwahi kuisikia. Alilia mwili mzima ukitetemeka, na wale wakamjibu, na nikaelewa kwamba muda wote ule aliokaa kwangu hakuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Nikafungua kamba. Fundo lilikuwa limekazwa na jasho la safari, nikalifungua kwa meno.

"Nimekupa," nikasema.

Mama akamvisha kamba yake. "Anaitwaje?"

"Hana jina."

"Unamwitaje sasa?"

Nikamwambia lile neno. Akalijaribu mara mbili, vizuri tu, lakini farasi hakugeuka, alikuwa akinusana na wenzake juu ya uzio. Nilishukuru kwamba si mimi niliyemwita. Nilirudi nimepanda nyuma ya bodaboda, kamba imeviringishwa mapajani, ina joto bado.

Duka nililifunga mwezi huo. Sasa natibu ng'ombe nyumba kwa nyumba, na watu wananilipa, kwa sababu kazi naijua. Mvua zilipokuja, nusu eka yangu ilisimama mpaka kifuani, na hapakuwa na wa kuila. Nikanoa mundu.

Ningeweza kulipa kidogo kidogo. Nikaamua kulipa wote siku moja, kuanzia alfajiri, tena kwa kichwa changu mwenyewe. Nilifunga mizigo kwa kamba ile ya pamba, nikaibeba mmoja mmoja barabarani, mwanamume mwenye stashahada na majani kichwani. Wanawake walisimama kutazama. "Mwarabu ameolewa!" mmoja alisema, wakaangua kicheko, nami nikapita. Nyumba baada ya nyumba nilishusha, nikafungua kamba, nikarudi kufunga mwingine. Shingo iliniwaka moto mpaka mchana ikafa ganzi.

Baba mdogo aliikagua mizigo yake akiisukuma kwa mguu. "Imejaa kuliko yangu," akasema. Yeye hajawahi kunisifu, na hilo nalihesabu kuwa sifa.

Mama jirani nilimweka wa mwisho kwa sababu ndiye aliyenikopesha mingi. Niliposhusha mzigo wa mwisho jua lilikuwa linaelekea kuzama. Alikuwa kwenye ngazi anachambua mboga. Hakufurahi nilivyotegemea.

"Wote umewalipa leo?" akauliza.

"Wote, mama. Nyumba saba. Hakuna anayenidai hata jani."

"Mwanangu, huku mtu anayelipa vyote siku moja ni mtu anayehama. Jirani unamlipa mzigo, mwingine unaubakiza, ili kesho awe na cha kumleta kwako." Akaweka kisu chini. "Unahama?"

"Sihami, mama."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Nilikwenda nyumbani, nikatundika kamba kwenye msumari bandani, nikanawa. Walisema nisingeweza, na nimeweza: farasi yuko hai, na deni nimelimaliza kwa kichwa changu. Nilichemsha chai, nikatoa kikombe kimoja. Vingine niliviosha ingawa vilikuwa safi, nikavipanga kabatini, na jioni ile hakuna aliyepiga hodi.