Bibi, kuku wake na chanjo ya mdogo wangu

Sijawahi kumwambia mtu: namwogopa bibi.

Leo nimebishana naye!

Kesho mdogo wangu Zuhura anatakiwa kuchanjwa shuleni, ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Bibi kakataa. Eti kasikia kwenye simu kwamba inafunga kizazi.

Nikasema, "Bibi, kuku wako si uliwachanja kideri? Mbona wanataga?"

Akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

"Mke mwenzangu, kwani Zuhura ni kuku?"

Jamani, kanishinda. Na vitabu vyangu vyote!

 Basi nikampakia bibi kwenye baiskeli hadi zahanati, akamuulize nesi mwenyewe. Aliuliza hata yale nisiyothubutu kuuliza mimi. Nesi akamjibu yote: haifungi kizazi.

Tuliporudi, bibi mwenyewe akaniagiza pasi. Nikanyoosha sare ya Zuhura ya kesho.