Baba Alipoufuta Uso wa Mama

Baba alikuwa mchora mabango, na mji mzima ulimwita Brashi. Mji wetu ni mdogo na una vituko vyake: kuna ngazi ya saruji inayopanda hadi hewani kwa sababu ghorofa haikujengwa kamwe. Vituko vingine ni kazi ya baba. Ng'ombe wa buchani amevaa miwani, kwa kuwa mwenye bucha wa kwanza alivaa miwani. Vichwa sita vya kwa kinyozi vyote ni vya mjomba, maana ndiye pekee aliyekubali kukaa kimya achorwe.

Ukutani mwa saluni alimchora mama, nywele zimesukwa, akiwa na miaka ishirini na miwili. Kila alipopita pale, mama aliusalimia mchoro ule: "Hujambo, mke mwenza?" Kisha akacheka peke yake. Miaka ilivyosogea, kicheko kikapungua. "Yule hazeeki," aliniambia siku moja. "Nazeeka mimi kwa niaba yetu sote wawili."

Tulipomzika mama, baba aliacha kazi. Akawa anauzunguka mji kila asubuhi, mikono nyuma, akitazama michoro yake inavyobanduka. "Rangi ya nje inaishi miaka kumi," alisema. "Hizi zimejitahidi." Alisema hivyo kila mahali, isipokuwa pale saluni. Pale alisimama tu.

Ndipo mwenye saluni akaja nyumbani.

"Shikamoo, baba. Nimeona nije mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Ukuta nimewapa kampuni ya simu. Wanaupaka wote bluu, kesho kutwa."

"Marahaba. Nani anapaka?"

"Vijana wao."

"Watapaka juu ya vumbi, ibabuke." Baba akatazama vidole vyake. "Waambie walete rangi tu. Nitapaka mwenyewe."

Nilimsindikiza. Alipiga ukuta msasa, akauosha kwa maji ya sabuni, taratibu, kama anayemwogesha mgonjwa.

"Nipige picha, baba?"

"Piga. Ila mimi sitaitazama."

Nikapiga. Kivuli changu kiliangukia shavu la mama, na sikukiona hadi nilipofika nyumbani.

Alianza na nywele, akashuka shingoni, akarudi mdomoni. Macho aliyaacha mwisho. Mkono wa kwanza wa rangi ulipokauka, macho yale yalikuwa bado yanaonekana, hafifu, yakitutazama kutoka ndani ya bluu. Baba akaupa ukuta mgongo, akakaa juu ya ndoo, akalia bila sauti. Nikamshika bega.

"Mkono wa pili utafunika," akasema.

Ukafunika.

Siku hizi akifika posta, kabla ya saluni, hukata kona, akapitia nyuma ya soko, ingawa ni mbali zaidi na magoti yanamsumbua.