Mbwa wa Ijumaa Kuu

Ijumaa Kuu nilipanga foleni kwenye bucha moja pale Kamukuywa. Mbele yangu alikuwa mzee wa kanisa, Biblia kwapani. Alitazama nyuma, akainamia dirisha la bucha na kunong'ona:

"Nipimie kilo mbili. Ni ya mbwa yangu."

"Niweke mifupa?" mwenye bucha akauliza kwa sauti.

"Hapana, bana! Weka steki. Hiyo mbwa haipendi mifupa."

"Na wewe mwenyewe, mzee?"

"Mimi si nafunga! Wewe ndio huogopi Mungu, ati unauza nyama siku kama hii."

Mwenye bucha aliviringisha steki kwenye gazeti, akakaza uzi.

"Mzee, tangu asubuhi ni kufunga nyama tu, na zote ni za mbwa. Kwa hii soko, mwenye amefunga leo ni mimi peke yangu."

Mzee alificha kifurushi ndani ya koti akaenda zake. Nilicheka mpaka mwenye bucha akanigeukia.

"Na wewe, mwalimu?"

Kwangu sifugi hata paka. Nilitazama nyuma kwanza, kisha nikanong'ona:

"Nusu kilo, bila mafuta. Mbwa yangu iko na presha."