Karani wa Vifurushi na Kilomita Sabini

Siku niliyomwona mara ya kwanza alikuwa amekaa ndani ya gari lililozima, mikono yote miwili kwenye usukani, hataki kushuka. Mafundi wa gereji ya jirani walikuwa wamelisukuma gari lake hadi kwenye yadi yetu, wakaliacha chini ya paa la bati na kwenda zao wakijipangusa mvua usoni.

Mimi nilikuwa na wiki mbili tu katika kazi ya kuchaji magari ya umeme. Kabla ya hapo nilisukuma mkokoteni miaka ishirini na miwili, na mgongo uliponikatalia, mwenye yadi akanihurumia. Kazi yenyewe haikuhitaji shule nyingi: kuchomeka, kuchomoa, kuandika namba ya gari. Lakini waya ule, mnene kama mkono wa mtoto, ulinitisha kila siku, na kwenye mvua ndiyo kabisa. Nikasimama mbele ya gari lake na plagi mkononi kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia.

Akateremsha kioo kidogo.

"Mbona huchomeki?"

"Kuna mvua, dada."

"Kwa hiyo?"

Mimi si mtu wa maneno. Pale yadini waliniita Kimya hata kabla hawajajua jina langu. Akaniangalia juu ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi shingoni.

"Unaogopa."

"Naogopa."

"Na mimi naogopa. Gari limenizimikia katikati ya daraja, malori yananipigia honi nyuma kama naozeshwa. Sasa tukiogopa wote wawili, nani atachomeka?"

Nikafumba macho, nikachomeka. Taa ya kijani ikawaka. Nilipofumbua macho alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na mikono yake bado haijauachia usukani.

Alikuwa karani wa posta mstaafu. Miaka thelathini alikaa nyuma ya dirisha moja, akipima vifurushi kwenye mizani na kuvibandika stempu. Gari alilinunua kuukuu ili kumpeleka mumewe hospitali, maana figo za mumewe zilikuwa zimekufa na damu yake ilisafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja asubuhi. Kukosa siku moja hakukuwa jambo la kuombea mtu. Maji ambayo mwili haukuweza kuyatoa yalipanda hadi kifuani, na mgonjwa akaanza kuzama akiwa amekaa juu ya kiti kikavu.

Tangu siku ile ya daraja hakutoka nyumbani bila daftari. Aliandika umbali, aliandika chaji aliyoondokea na chaji aliyofikia nayo. Gari lenyewe lilionyesha kilomita zilizobaki, lakini hakuliamini. "Linaahidi kama mchumba," alisema. Kwenda sokoni, asilimia mbili. Kwenda hospitali na kurudi, asilimia tano, na sita mvua ikinyesha. Yadini wakambandika jina la Bi Asilimia. Alilijua na hakulichukia.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa mzaha hata siku ambazo hakuweza kushika mkasi. Kila walipokuja kuchaji alinisalimia kutoka kiti cha nyuma: "Kimya, umemsikia shemeji yako? Jana kanipima mapenzi, kakuta asilimia arobaini. Nichomeke na mimi."

"Wewe betri yako imekufa," mkewe alimjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari.

Mwaka uliofuata binti yao alijifungua mtoto wa kwanza. Aliishi bondeni, mbali. Kutoka kwetu barabara inapita tambarare kidogo, halafu inashuka mlima kilomita sabini katikati ya msitu, kisha inanyooka bondeni kilomita mia mbili na zaidi. Kinyozi akasema hatakufa kabla hajamnyoa mjukuu nywele. Alisema kwa mzaha, lakini mkewe aliacha kula siku mbili, akipanga safari.

Alipanga vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Alipiga simu kwenye kila kituo kuuliza chaja inafanya kazi au ni pambo tu. Chini ya mlima palikuwa na kituo cha mafuta chenye chaja moja, ya polepole. Katikati ya bonde palikuwa na hoteli ya wasafiri. Wangeondoka Ijumaa mchana, Kinyozi akishatoka kwenye mashine, warudi Jumapili, ili Jumatatu saa moja awe kwenye kiti chake. Akaniomba niende nao, kwa kuwa Kinyozi alihitaji mtu wa kumbeba kwenye ngazi, na yeye alihitaji mtu wa kuchomeka.

Kushuka kulikuwa raha. Gari likishuka linajirudishia chaji kila unapokanyaga breki, na Bi Asilimia alikuwa akisoma namba kwa sauti kama anasoma barua ya heri. Tulipofika kwenye kituo cha mafuta aliandika: mlima, kilomita sabini, asilimia kumi na nane.

Jumapili asubuhi, mezani kwa binti yao, nilimwona akipanga kurudi. Alifungua ukurasa wa kwendea, akaanza kuunakili kutoka chini kwenda juu. Alipofika kwenye mlima akaandika tena: asilimia kumi na nane.

Nimesukuma mkokoteni maisha yangu yote. Najua mteremko unaokupeleka mbio asubuhi ndio unaokutoa ulimi jioni. Lakini yeye alikuwa mtu wa posta. Posta kifurushi kikienda kilo tatu kinarudi kilo tatu, na bei ya kwenda ndiyo bei ya kurudi. Miaka thelathini hakuna kifurushi kilichowahi kumwambia vinginevyo.

Nilitaka kusema. Nikajiuliza, mimi wa darasa la saba nimsahihishe karani? Labda gari la umeme lina mambo yake nisiyoyajua. Nikaenda kupakia mizigo. Mkwe wao alikuwa ametuzawadia gunia zima la mahindi, na zawadi ya mkwe haikataliwi, kwa hiyo nalo likaingia nyuma.

Tulifika chini ya mlima saa saba mchana. Nilichomeka. Kinyozi alikuwa hatanii tena. Kwa furaha ya mjukuu alikuwa amekunywa maji kupita kipimo chake, na miguu ilikuwa imevimba hadi viatu tukavivua. Alipumua kwa mdomo, mabega yakipanda na kushuka.

"Vipi?" mkewe akamuuliza.

"Kama nimekaliwa kifuani na mtu mnene," akasema. "Mtu mnene asiye na haraka."

Bi Asilimia akatazama saa, akatazama chaja, akatazama mumewe. Saa nane unusu betri ilikuwa imefika sitini.

"Chomoa."

"Dada, sitini?"

"Sitini ni zaidi ya mara tatu ya kumi na nane. Nikingoja tisini ni saa mbili nyingine, na huyu hana saa mbili za kukaa hapa. Nataka alale hospitali leo hii, si kesho. Chomoa, mdogo wangu."

Ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, nayahisi kama kokwa la tunda. Nikachomoa.

Kilomita tano za kwanza tulipoteza asilimia tano. Kilomita kumi, asilimia kumi. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka kwenye miti, na vioo vikaingia jasho. Nilimwona akinyoosha mkono kuzima kipasha joto ili kuokoa chaji. Kilomita kumi na tano. Alifungua daftari juu ya paja, akalifunga, akalifungua tena. Simu haikuwa na mtandao. Kwenye kilomita ya ishirini kioo kilisema arobaini, na bado tulikuwa na kilomita hamsini za kupanda.

Akasimamisha gari pembeni. Mikono ikarudi kwenye usukani kama siku ile ya daraja.

"Limeharibika," akasema. "Betri imeharibika."

"Halijaharibika," nikasema.

Akageuka. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

"Mlima, dada. Kushuka ulitusukuma, kupanda unatuvuta. Hata mkokoteni uko hivyo. Namba ya kushukia huwezi kupandia."

Macho yalimtoka. Alikuwa mwepesi wa akili, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi. Ulipokuwa unaandika."

"Asubuhi?" Alisema kwa sauti ya chini, na ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Mume wangu yuko hapo nyuma anazihesabu pumzi zake, na wewe tangu asubuhi unajua, umekaa?"

"Niliogopa kukosea."

"Ukaogopa kukosea," akarudia. Akaweka paji la uso kwenye usukani. Nikamsikia akisema polepole, si kwa ajili yangu: "Nimemuua. Kwa mwandiko wangu mwenyewe nimemuua."

"Bado sijafa," Kinyozi akasema nyuma, kila neno kwa pumzi yake. "Ningejua."

Nikasema turudi chini, tuchaji. Akapiga hesabu kwa midomo. Kushuka, kuchaji saa mbili na zaidi, kupanda upya: tungefika hospitali saa tatu za usiku, kama chaja isingekuwa imeshikwa na mtu mwingine. Akageuka kumtazama mumewe. Midomo ya Kinyozi ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu.

"Juu," Kinyozi akasema. "Chini kuna mkwe na mahindi yake. Hakuna mashine."

Mwenye mkokoteni akishindwa na mlima hafanyi miujiza. Anapunguza mzigo na anapunguza mwendo. Nikashuka, nikafungua nyuma, nikatoa gunia la mahindi, nikatoa masanduku, nikatoa tairi la akiba. Nikavipanga pembeni kwenye majani.

"Nenda thelathini," nikamwambia. "Usizidishe hata lori likikupigia honi. Taa kubwa zima, acha ndogo."

"Panda basi."

"Mimi ni mzigo, dada. Kilo themanini."

Alinitazama, akayatazama masanduku na gunia. Nafikiri alikuwa anatupima. Kisha akaondoka, polepole kama gari la maiti, na ukungu ukalimeza gari kabla halijafika kwenye kona.

Nimeogopa mara nyingi maishani, lakini si kama vile. Msitu ulikuwa unadondosha maji. Nilikaa juu ya gunia nikisikiliza. Gari la umeme halina mlio, kwa hiyo sikuweza hata kujua kama bado linakwenda au limesimama mita mia mbili kutoka pale nilipokaa, mgonjwa ndani, mkewe akipiga honi porini. Mara tatu nilisimama nikasikia honi. Mara tatu ilikuwa ndege.

Saa kumi na moja lilikuja lori la magogo. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Umefukuzwa na mke pamoja na mahindi?"

Nikamweleza. Akaacha kucheka, akanisaidia kupakia. Njia nzima nilitoa kichwa dirishani. Kila kona tuliyoikaribia nilijua gari jeupe liko nyuma yake. Nililiona hata pale lisipokuwepo: jiwe lililopakwa chokaa, bango la msitu, ng'ombe. Dereva akanirushia koti akidhani nimeshikwa na baridi. Zilipobaki kilomita kumi tuliona kitu cheupe barabarani, nami nikafumba macho. "Mfuko wa saruji," dereva akasema. "Tulia, bwana." Sikutulia. Tulifika kileleni, hakuna gari, na hata hapo sikuamini. Nikafikiri limetumbukia bondeni.

Nilimkuta hospitali, kwenye benchi la nje ya chumba cha mashine, viatu vya mumewe mapajani.

"Yuko ndani," akasema. "Wamemwingiza leo hii hii. Daktari kasema angengoja hadi kesho, kesho isingemkuta."

Nikakaa mwisho wa benchi.

"Kileleni ilikuwa mbili, hapa mlangoni sifuri," akasema tena. "Kilomita tano za mwisho za mlima sikuangalia barabara. Niliangalia ile namba tu. Tungekufa kwa mti, si kwa figo."

Nilitaka kumwomba radhi. Akaniwekea kiatu kimoja cha Kinyozi mkononi, nikishike, akashika kingine, tukakaa hivyo mpaka mlango ulipofunguliwa.

Kinyozi alipona kwa kadiri ya kupona kwake. Lakini Bi Asilimia hakurudi kuwa alivyokuwa. Alikuja kuchaji betri ikiwa bado themanini. Akiwa hapo aliniuliza hesabu zake, mimi, mbele ya watu: "Mdogo wangu, hii iko sawa? Sema." Nami nilisema. Usiku, mumewe aliniambia, aliamka kwenda kuitazama namba ya gari, akarudi kulala, akaamka tena.

Miezi minane baadaye hospitali ya kule bondeni ilipata mashine zake za kusafisha damu. Wakauza nyumba ili wahamie karibu na binti yao. Walikuja yadini asubuhi ya kuondoka, gari limejaa hadi dirishani, Kinyozi nyuma amefungwa blanketi. Nilichomeka hadi mia moja. Namba ilipofika, nikachomoa, nikaenda upande wake.

"Dada, siku ukirudi kutusalimia, pale chini ya mlima usiondoke chini ya tisini."

"Sirudi, mdogo wangu," akasema. "Mlima ule nimeuogopa vya kutosha. Hebu funga huo mlango wa nyuma taratibu, amelala."