Nusu ya Dua ya Sheikh Mshoni

Bi Khawla wa mtaa wa Darsait, Maskati, ana miaka sabini na minane, na kofia zake za vitobo bado zinazitia aibu za mashine. Bibi yake alimfundisha Unguja, kabla familia haijahamia Maskati: kila kitobo kina dua, nusu sindano ikizama, nusu ikiibuka. Dua hiyo, bibi alisema, ni ya Sheikh Mshoni, mcha Mungu wa Maghribi aliyefariki zamani sana.

Mwanawe Harub aliporudi masomoni na digrii yake na ujuaji wake, akamwambia maneno hayo hayana asili, ayaache. Mama akayaacha, maana mtoto wa pekee husikilizwa kuliko anavyostahili. Miaka ishirini akashona kimya. Mwaka huu homa ilimlaza, akainuka na hamu ya kuirudia dua kabla hajaondoka duniani, akajikuta na nusu ya kwanza tu: "Mola, nitoboe." Ya pili imefutika. Dada zake wote wameshazikwa, na nyumbani hakuna aliyewahi kuiandika. Alilia kwa hilo, tena si mara moja, na Harub alimwona.

Ijumaa moja Harub akaleta mgeni wa ofisini kwao Qurum, Bi Hedwig, mhandisi wa Kijerumani. Baada ya kahawa na halwa mgeni akaichukua kofia, akaielekeza dirishani, akatazama mwanga ukipita vitoboni. Kisha akasema kwa Kiingereza, Harub akifasiri, kwamba imemkumbusha Mshoni wa Maghribi.

Bi Khawla alidhani masikio yanamchezea. Mgeni akaeleza kwamba kwao, tangu maneno ya mtu huyo yafasiriwe karne mbili nyuma, wanafalsafa hawajaisha kubishana juu yake. Mafundi wa vioo vya makanisa huacha kipande kimoja bila rangi kwa ajili yake, na watunzi wa muziki huacha kimya katikati ya nyimbo zao. Mumewe alipokuwa akikata roho, yeye mwenyewe alimsomea dua ile. Bi Khawla akajongea karibu yake. Watu wasiojua hata kofia ya vitobo ni nini walikuwa wakiitunza dua ile Ulaya, na nyumbani kwake ikanyamazishwa.

"Muulize," alimwambia mwanawe. "Baada ya nitoboe, kinafuata nini? Nnaomba umuulize."

Bi Hedwig akajibu taratibu. Harub akafungua kinywa afasiri, akakwama. Maneno hayo aliyasikia amelala pajani kwa mama, kabla hajajua kusoma, na sasa yalimrudia yenyewe kwa Kiswahili.

"Palipobaki wazi, upite Wewe," alisema. "Nisamehe, Mama."

Bi Khawla alimtaka airudie, kisha tena, na tena, mpaka akahakikisha kwamba hata yeye akiondoka, mwanawe hataisahau.